Beryl Markham: Rubani wa Kenya aliyevuka Atlantiki dhidi ya upepo

Katika historia ya safari za anga nchini Kenya, jina la Beryl Markham halikosi kutajwa. Mwanamke huyo alijipatia riziki kwa farasi na kwa ndege, na mwezi Septemba mwaka 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake, akitokea Uingereza kuelekea magharibi.

Alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 huko Ashwell, Uingereza, akiitwa Beryl Clutterbuck. Alipokuwa na umri wa miaka minne, familia yake ilihamia Kenya, iliyokuwa wakati huo chini ya utawala wa Waingereza, na baba yake, Charles Clutterbuck, akaanzisha shamba huko Njoro katika Bonde la Ufa. Mama yake hakuyastahimili maisha hayo. Alirejea Uingereza na kumwacha binti huyo mikononi mwa baba.

Beryl alikua pamoja na watoto wa Kiafrika waliokuwa wakiishi shambani, akajifunza Kiswahili na kufuatana na wawindaji porini. Mmoja wa wenzake wa utotoni alikuwa Kibii, ambaye alipokuwa mtu mzima aliitwa arap Ruta. Walicheza kama watoto walio sawa, lakini utawala wa kikoloni haukuuacha usawa huo udumu. Walipokutana tena ukubwani, mmoja alikuwa mwajiri na mwingine mwajiriwa. Hata hivyo, arap Ruta alifanya kazi naye kwa miaka mingi, kwanza katika mazizi ya farasi, kisha katika banda la ndege.

Somo la kwanza la biashara Beryl alilipata kutokana na hasara ya baba yake. Mzee Clutterbuck alikuwa na kinu cha kusaga nafaka, na alitia saini mikataba ya kuuza unga kwa bei iliyokwisha pangwa. Ukame ulipoingia, nafaka ikapanda bei. Badala ya kuivunja mikataba, aliitimiza, akafilisika na kuondoka kwenda Peru. Binti yake, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka ishirini, alibaki Kenya na kuomba leseni ya kufunza farasi wa mashindano. Akawa mwanamke wa kwanza nchini humo kuipata, na mwaka 1926 farasi wake aitwaye Wise Child alishinda mbio za St Leger za Kenya.

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa na utulivu huo. Aliolewa mara tatu, na ndoa zote zilivunjika. Mwanawe wa pekee, Gervase, aliyezaliwa mwaka 1929, alilelewa Uingereza na bibi yake mzaa baba, mbali na mama aliyerudi Afrika.

Mwaka 1931 alianza kujifunza urubani jijini Nairobi chini ya Tom Campbell Black, mmoja wa marubani mashuhuri wa zama hizo. Mwaka uliofuata aliruka peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza kwa ndege ndogo aina ya Avian, na mwaka 1933 akapata leseni ya rubani wa biashara, mwanamke wa kwanza nchini Kenya kufanya hivyo. Biashara yake ilikuwa ya mtu mmoja: alibeba abiria, barua, dawa na mahitaji ya kambi za mbali, akitua mahali ambapo hapakuwa na kiwanja wala taa. Pia aliwatafutia wawindaji matajiri makundi ya tembo kutoka angani, kazi iliyolipa vizuri lakini ambayo leo ingemfikisha mahakamani, kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Safari iliyompa sifa duniani ilianza Abingdon, Uingereza, jioni ya tarehe 4 Septemba 1936. Charles Lindbergh mwaka 1927 na Amelia Earhart mwaka 1932 walikuwa wamevuka Atlantiki wakielekea mashariki, upepo ukiwasukuma kwa nyuma. Beryl alichagua kwenda kinyume cha upepo. Ndege yake, Vega Gull ya kuazima, haikuwa na redio, na matangi ya ziada ya mafuta yalijaza chumba cha rubani. Kila tangi lilipokwisha, injini ilizimika juu ya bahari yenye giza, naye akalazimika kufungua tangi jingine kwa mkono na kungoja injini iwake tena.

Alikusudia kufika New York. Baada ya zaidi ya saa ishirini angani, barafu iliziba njia ya hewa ya tangi la mwisho na injini ikakosa mafuta. Ndege ilianguka kwa pua katika kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, naye akatoka na jeraha la kichwa. New York ilimpokea kwa shangwe. Siku chache baadaye, tarehe 19 Septemba, mwalimu wake Campbell Black alifariki katika ajali ya ndege huko Liverpool.

Mwaka 1942 kilichapishwa kitabu cha kumbukumbu zake, West with the Night. Wako waliodai kwamba mwandishi halisi alikuwa mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, na ubishi huo haujamalizika. Kitabu kilisahaulika wakati wa vita, naye akarejea Kenya na kazi ya farasi, akishinda mbio nyingi kubwa lakini bila kujiwekea akiba.

Uzeeni aliishi kwa shida katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Mwaka 1983 kitabu hicho kilichapishwa upya nchini Marekani, baada ya msomaji mmoja kukuta kimesifiwa katika barua ya Ernest Hemingway. Kiliuzwa sana, na mapato yake yakamtunza katika miaka yake ya mwisho. Beryl Markham alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 83.