Percy Julian na Digrii Yake

Muhula uliopita mwalimu wetu wa kemia alituuliza ni nani kati yetu angependa kuendelea na somo hilo hata baada ya chuo kikuu, yaani kufanya utafiti mpaka apate digrii ya udaktari. Wenzangu walicheka, nami niliyetaka kuinua mkono nikauacha pale pale mezani. Jioni nilikwenda maktaba kutafuta habari za mtu aliyeifuata digrii hiyo, nione ilimgharimu nini. Nilimpata Percy Julian, nami naona si haki nimjue peke yangu.

Julian alizaliwa tarehe 11 Aprili, 1899, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani. Babu yake alikuwa mtumwa, na Julian alikuwa akisimulia ya kuwa mzee huyo alikatwa vidole viwili kwa kosa la kujifunza kuandika. Baba yake alikuwa karani wa posta ya gari la moshi, na mama yake mwalimu. Siku zile mji ule haukuwa na shule ya sekondari ya serikali kwa watoto weusi. Basi alipoingia chuo cha DePauw, jimbo la Indiana, mwaka 1916, ilimbidi asome masomo ya chuo pamoja na yale ya sekondari aliyoyakosa. Alilala darini katika nyumba ya wanafunzi wazungu, na ili apate riziki yake akawatumikia wenzake mezani. Mwaka 1920 alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Nilipofika hapa nilidhani taabu zimekwisha. Kumbe sivyo. Wenzake walipata misaada ya kwenda kufanya utafiti, lakini yeye alishauriwa aende akafundishe katika chuo cha watu weusi, kwani daktari wa kemia aliye mweusi hatapata kazi popote. Akaenda Fisk, mjini Nashville, akafundisha miaka miwili. Halafu alipata msaada wa kusoma Harvard, na mwaka 1923 akatunukiwa digrii ya pili. Ili aendelee mpaka udaktari alihitaji kazi ya kuwafundisha wanafunzi wadogo, maana ndiyo iliyowalipia watafiti gharama zao. Alinyimwa kazi hiyo, kwa hofu ya kuwa vijana wa kizungu hawatakubali kufundishwa naye. Alikaa huko kwa misaada midogo midogo, kisha akaondoka bila udaktari. Akafundisha West Virginia, na baadaye Howard, mjini Washington.

Mwaka 1929, akiwa na umri wa miaka 30, alipata msaada mwingine, akavuka bahari mpaka Vienna, mji mkuu wa Austria. Huko alipokelewa na Profesa Ernst Späth, bingwa wa alkaloidi, yaani vile vitu vikali vilivyomo ndani ya mimea, ambavyo vingine ni sumu na vingine ni dawa. Masomo yalikuwa kwa Kijerumani. Mwenye kufanya utafiti hapewi swali ambalo jibu lake limechapwa mwisho wa kitabu. Julian alipewa mmea uitwao Corydalis, atoe alkaloidi zilizomo, azitenge moja moja, aeleze zimejengwaje. Ni kazi ya kuchemsha, kuchuja na kungoja fuwele zitokee, na siku nyingine hazitokei. Lakini katika mji ule aliingia maabara, nyumba za watu na ukumbi wa muziki bila kuzuiliwa mlangoni. Mwaka 1931 alipata udaktari. Nilihesabu: tangu alipomaliza DePauw ilikuwa imepita miaka 11.

Alirudi Marekani, akafanya kazi DePauw pamoja na rafiki yake wa Vienna, Josef Pikl. Walitaka kuunda maabarani fisostigmini, dawa ya presha ya macho, ambayo asili yake ni mbegu za Calabar, katika Nigeria ya leo. Zamani watu wa huko walimlisha mshtakiwa mbegu hizo kama kiapo, mfano wa ule mwavi ambao wazee wetu husimulia. Wakati huo huo Sir Robert Robinson wa Oxford, mwenye sifa duniani kote, alikuwa akitafuta jambo hilo hilo, naye alikwisha kuchapisha habari zake. Julian akaandika waziwazi kwamba Robinson amekosea. Fikirini hatari yake! Kama angekuwa amekosea yeye, kazi yake ingekwisha siku ile. Jambo lilikatwa kwa kipimajoto: kitu alichokiunda Julian kiliyeyuka kwa joto lile lile la kile kilichotoka katika mbegu. Sisi wa Kidato cha Tatu tumefanya jaribio la namna hiyo kwa naftalini, ikayeyuka kwenye digrii 80, wala hatukujua ya kuwa heshima ya mtu huweza kukaa juu ya mstari mmoja wa kipimajoto. Hayo yalikuwa mwaka 1935.

Hata hivyo, DePauw walikataa kumfanya profesa. Mwaka 1936 aliingia kampuni ya Glidden, mjini Chicago, na kutokana na maharagwe ya soya akatengeneza homoni kwa wingi, hata bei yake ikashuka. Aliponunua nyumba Oak Park, watu walijaribu kuitia moto mwaka 1950, na mwaka uliofuata wakaitupia baruti. Hakuhama. Baadaye alifungua kampuni yake mwenyewe, akaiuza mwaka 1961 kwa dola zaidi ya milioni 2. Chuo cha Sayansi cha Taifa la Marekani kilimchagua kuwa mwanachama mwaka 1973, naye akafariki tarehe 19 Aprili, 1975.

Mwalimu wetu hajarudia swali lake. Jumatatu tuna vipindi viwili vya maabara, nami nitakaa benchi la mbele.