Muriel Robertson na Safari ya Kimelea cha Malale

Muriel Robertson alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1883. Shahada aliyoipata mwaka 1905 ilikuwa ya sanaa, lakini zoolojia ndiyo iliyomteka.

Mwaka 1911 alifika Uganda, akiwa mtaalamu wa vimelea wa serikali ya kikoloni. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeshaua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Victoria. Ilijulikana kwamba mbung'o ndiye mwenezaji. Robertson alitaka kujua kimelea hufanya nini ndani ya mdudu huyo. Alipasua mbung'o mmoja baada ya mwingine, akafuata njia yote kwa hadubini: kimelea huingia tumboni pamoja na damu, huzaana, hubadili umbo, kisha huhamia kwenye tezi za mate. Kutoka hapo humwingia mtu anayeumwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1913.

Aliporudi London mwaka 1914, katika Taasisi ya Lister, vita vilimpeleka kwenye bakteria wanaoishi bila oksijeni na kuozesha majeraha ya askari.

Royal Society ilimpokea mwaka 1947. Marjory Stephenson, mwanabiokemia wa bakteria, alikuwa mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuingia humo, mwaka 1945 tu. Sifa zilichelewa, kazi ilikuwa imekwisha kufanyika.

Robertson alifariki mwaka 1973. Kimelea alichokifuata Uganda ndicho kinachowaugua Wakongo hadi leo, na nchi yetu ndiyo yenye wagonjwa wengi kuliko zote.