Jamaa Aliyeshindwa Hesabu

Hosteli kwetu tuna mchezo wa mezani: mmoja anasimulia, wengine tunaigiza wahusika, dadu inaamua. Ubishi hauishi. Mchawi na chombo cha anga vinakaaje hadithi moja? Mimi huwa namtaja H. P. Lovecraft.

Alizaliwa Providence, Marekani, 1890. Tangu mdogo alipenda nyota kupindukia, mpaka akaandika makala za falaki kwenye magazeti ya kwao. Alitamani kusoma Chuo Kikuu cha Brown. Lakini hesabu zilimtesa, akili ikachoka, na 1908 akaacha sekondari bila cheti. Mimi niliyepata sapu ya hesabu, hapo namwelewa kabisa.

Nyota hazikumtoka. Cthulhu wake, aliyetokea kwenye hadithi ya 1928, anaabudiwa kama mungu, kumbe ni kiumbe kutoka anga za mbali. Mwaka 1933 ikatoka hadithi ya mwanafunzi wa hesabu na mchawi kikongwe. Uchawi wa bibi huyo ni nini? Hesabu hizohizo! Ndiyo maana vyombo vya anga na wachawi wanaelewana mezani kwetu. Cthulhu mwenyewe alipata mchezo wake 1981.

Ila doa lipo, na silifichi: Lovecraft alitudharau watu weusi, na aliandika hivyo. Mimi asingenikaribisha mezani kwake. Alikufa 1937, maskini, ana miaka 46. Leo meza ni yetu. Nyota tumechukua, chuki tumemwachia mwenyewe.