Elijah Masinde, Mtu Aliyekataa Dhamana

Msafiri atokaye Masafu kuelekea kaskazini-mashariki, akiisha kuvuka mpaka wa Uganda na Kenya, hufika Malakisi, chini ya Mlima Elgon. Huko ndiko lilikovuma jina la marehemu Elijah Masinde.

Alizaliwa upande wa Kimilili yapata mwaka 1910. Ujanani alikuwa hodari wa kandanda, hata akaichezea Kenya katika Kombe la Gossage dhidi ya Uganda. Alilelewa katika kanisa la Marafiki, akaliacha, akaasisi Dini ya Msambwa, iliyowataka Wabukusu warudie mila za wahenga wao na Wazungu waondoke.

Mwaka 1944, katika ugomvi juu ya kazi za kulazimishwa, alishitakiwa kwa kumpiga mtumishi wa serikali. Alitakiwa atie sahihi dhamana ya kudumisha amani, ili akae kwake huku mwenendo wake ukiangaliwa. Akakataa. Ndipo likazuka suala la akili zake, na Februari 1945 akapelekwa Hospitali ya Mathari, Nairobi.

Kama aliugua kweli au la, si kazi yetu kupima leo. Lakini yafaa ijulikane kwamba Dakta Carothers, aliyeiongoza Mathari tangu 1938, alikabidhiwa hospitali hiyo bila mafunzo ya magonjwa ya akili, akayapata baadaye. Ndiye huyo aliyeitwa mwaka 1954 aieleze serikali chanzo cha Mau Mau, naye akakitafuta zaidi katika nafsi za Wakikuyu kuliko katika ardhi waliyonyang'anywa.

Masinde aliachiliwa mwaka 1947. Aliporudi, wale ambao wangemwangalia walimwona nabii. Septemba akahutubia maelfu huko Chetambe, walipouawa Wabukusu mwaka 1895. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake Malakisi. Watu 11 wakafa. Sisi tuvaao sare twajua hofu ya kikosi kidogo mbele ya umati, ila hofu hiyo haiwafufui wale 11.

Alikamatwa siku chache baadaye. Safari hii hakupelekwa Mathari: aliyehesabiwa mgonjwa mwaka 1945 sasa alihesabiwa adui wa serikali, akahamishiwa Lamu, mbali na watu wake, hadi uhuru ulipokaribia. Serikali ya wananchi nayo iliiruhusu dini yake mwaka 1964, ikaipiga marufuku mwaka 1968, na kumfunga tena na tena. Alifariki mwaka 1987.