August Bier

August Karl Gustav Bier (24 Novemba 1861 – 12 Machi 1949) alikuwa daktari mpasuaji kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa ganzi ya uti wa mgongo.

Mwaka 1898, mjini Kiel, aliwapasua wagonjwa baada ya kuwadunga kokaini katika maji yanayozunguka uti wa mgongo. Baadhi yao waliumwa kichwa baadaye, hivyo akaamua kujaribiwa mwenyewe. Bomba halikushikana vizuri na sindano, maji mengi yakavuja. Alilala kitandani siku tisa: akiinuka kichwa kiliuma, akilala kilitulia. Alihisi kwamba chanzo ni upotevu wa maji hayo.

Hadi leo maumivu hayo huwapata baadhi ya wanawake wanaopewa ganzi ya mgongoni wakati wa kujifungua, sindano inapotoboa utando unaohifadhi maji hayo.