Kant, karatasi ya mahudhurio na mimi

Wiki ya sita ya muhula huu mwalimu wetu wa Utangulizi wa Falsafa alifanya jambo ambalo hatujalizoea. Karatasi ya mahudhurio iliporudi mbele, hakuikunja akaitia kwenye mkoba kama siku zote. Alisimama akatuhesabu kichwa kimoja kimoja, mpaka wale wa nyuma kabisa wanaochati. Tulikuwa 61. Sahihi zilikuwa 74. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba aliyemsainia mwenzake aende ofisini kwake kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Kisha akaendelea na somo.

Mimi nilikuwa nimesaini mara mbili. Sahihi ya kwanza yangu, ya pili ya rumeti wangu. Bumu lilikuwa limechelewa, na siku hiyo yeye alikuwa mjini anapakua mizigo kwenye duka la shemeji yake ili tupate cha kula, na nasema tupate kwa sababu mchele wa chumbani kwetu ulinunuliwa na yeye. Mahudhurio yakishuka mtihani huingii, hilo kila mmoja wetu analijua. Sasa, katika mada zote duniani, mada niliyopangiwa kwenye semina ya Alhamisi ilikuwa maisha na mawazo ya Immanuel Kant. Nilikaa maktaba siku tatu, na nakiri sikuwa nasoma kwa utulivu.

Kant alizaliwa tarehe 22 Aprili 1724 katika mji wa Königsberg, bandari ya Prussia kwenye bahari ya Baltiki. Baba yake alikuwa fundi wa hatamu na mikanda ya farasi. Walikuwa wengi nyumbani, watoto tisa, na baadhi hawakufika utu uzima. Mama yake, aliyekuwa mcha Mungu na aliyempeleka kijana wake nje ya mji kumwonyesha mimea na nyota, alifariki Kant akiwa na miaka 13. Alipofika miaka 16, mwaka 1740, aliingia chuo kikuu cha mji wake huo huo. Hakuwa na fedha. Ndugu mmoja wa ukoo, fundi viatu, alimsaidia. Inasimuliwa kwamba nguo zake zilipopelekwa kwa fundi zishonwe, mwenzake mmoja alibaki chumbani ili Kant avae zake atoke. Fedha nyingine alizipata kwa kuwafundisha wenzake masomo, na kwa kucheza biliadi. Tena alikuwa hodari mpaka watu wakaogopa kucheza naye kwa dau.

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Picha yake niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya mzee mkavu mwenye wigi anayetembea kwa saa. Kumbe alikuwa mtoto wa fundi anayepiga mishemishe za chuo kama sisi.

Mwaka 1746 baba yake akafa, na muda si mrefu Kant akaondoka chuoni. Kwa miaka kadhaa alizunguka vijijini akifundisha watoto wa familia zenye uwezo majumbani kwao. Alirudi, na mwaka 1755 akapata shahada na ruhusa ya kufundisha chuoni. Lakini si kwa mshahara! Mwalimu wa daraja lile alilipwa na wanafunzi wenyewe, kichwa kwa kichwa; darasa likiwa tupu, na chungu kiko tupu. Kwa hiyo alifundisha kila kitu: mantiki, metafizikia, hisabati, fizikia, maadili, hata jiografia ya dunia nzima, yeye ambaye hakuwahi kutoka katika eneo lile alilozaliwa. Jeshi la Urusi lilipoushika mji kuanzia 1758 hadi 1762, alifundisha mpaka maofisa wa Kirusi. Nafasi ya uprofesa ilipotokea wakati huo aliomba, akapewa mwingine. Aliipata mwaka 1770, akiwa na miaka 46, baada ya kusubiri miaka 15. Vyuo vya miji mingine vilikuwa vimemwita. Alikataa, akabaki kwao.

Halafu akanyamaza. Kwa karibu miaka kumi na moja profesa huyu mpya hakuchapisha kitu cha maana. Fikiria tetesi za korido! Rafiki zake walimwandikia wakimuuliza kazi imefikia wapi, naye kila mara akajibu kwamba inakaribia. Ilitoka mwaka 1781, akiwa na miaka 57, kitabu kinene mno kinachohoji uwezo wa akili tupu, yaani akili inayofanya kazi peke yake bila msaada wa macho na masikio. Mapitio ya mwanzo yalikielewa vibaya, na mwenyewe akalazimika kuandika kijitabu cha kukifafanua mwaka 1783. Kwa hiyo wewe uliyekifungua ukakifunga ukurasa wa tano, huna sababu ya kuona aibu.

Kwenye kozi yetu tunapewa falsafa kama makabati: hapa nadharia ya maarifa, pale metafizikia, hapa maadili, pale ujumi, na siasa upande wa dirishani. Nikiyakariri hivyo huwa siyaelewi. Kant mwenyewe aliyapanga kwa maswali: tunaweza kujua nini, tunapaswa kufanya nini, tunaruhusiwa kutumaini nini, na mwisho akasema hayo yote yanarudi kwenye swali moja, binadamu ni nini. Ukiyashika maswali hayo, makabati yanajipanga yenyewe.

Chukua la kwanza. Wakati wake kulikuwa na ugomvi. Upande mmoja walisema maarifa ya kweli hutoka akilini. Upande wa pili, hasa Mskoti David Hume, walisema yote hutoka kwenye milango ya fahamu. Hume alikwenda mbali zaidi: unaona jiwe linapiga kioo, unaona kioo kinavunjika, lakini kile kinachounganisha mawili hayo, ile nguvu ya kusababisha, hujawahi kuiona hata siku moja. Umezoea tu. Hoja hiyo ilimtikisa Kant vibaya. Jibu lake ni kwamba akili haipokei dunia kama ndoo inavyopokea maji. Inaipanga. Mahali, wakati, sababu na matokeo ni namna yetu sisi binadamu ya kupokea chochote kile, ndiyo maana kila tunachokutana nacho kinakuja kimeshapangwa hivyo. Gharama ya jibu hili ni kubwa: vitu jinsi vilivyo vyenyewe, mbali na namna yetu ya kuvipokea, hatutavijua. Na hapo metafizikia inabanwa. Je, ulimwengu una mwanzo au hauna? Kant alionyesha kwamba akili inaweza kujenga hoja nzuri kwa pande zote mbili, na hiyo ni dalili kwamba imevuka mpaka wake.

Ujumi, yaani maswali ya uzuri, aliutolea kitabu mwaka 1790. Sitaukalia, maana hata semina niliupitia mbio. Lililonipeleka mbio mapigo ya moyo lilikuwa swali la pili.

Kuhusu tunachopaswa kufanya, Kant alikuwa mgumu kama jiwe. Kabla hujatenda, jiulize kama kanuni unayoifuata ungeweza kutaka iwe sheria kwa watu wote. Nikaijaribu kwenye karatasi ya mahudhurio, usiku, rumeti wangu akiwa anakoroma kitanda cha juu. Kila mtu amsainie kila mtu. Matokeo yake ni kwamba sahihi haina maana yoyote, mwalimu anaacha kupitisha karatasi, na udanganyifu wangu wenyewe unakosa pa kusimama. Ulikuwa unafanya kazi kwa sababu tu wengine wanasaini kwa ukweli. Niliuona mtego ule wazi kabisa, na nikauchukia.

Mwaka 1797, akiwa mzee, aliandika insha iliyowaudhi watu mpaka leo. Muuaji anabisha mlangoni akiuliza kama rafiki yako yumo ndani. Kant anasema hata huyo huruhusiwi kumdanganya. Darasani hapo ndipo pakawaka moto. Mmoja akauliza, hivi huyu mzee alikuwa na rafiki kweli? Alikuwa nao, na wengi. Kila siku alikula mchana na wageni, wasipungue watatu wala kuzidi tisa, na maongezi yakaenda mpaka alasiri. Rafiki yake mkubwa, Mwingereza mfanyabiashara aitwaye Joseph Green, ndiye anayetajwa kumfundisha ile nidhamu ya saa. Hata hivyo mimi naona kwenye insha ile alikosea, na sijapata hoja ya kunibadilisha.

Lakini maisha yake yana kona ambayo insha haina. Mwaka 1794 mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Pili, alimkemea rasmi kwa maandishi yake kuhusu dini. Kant alijibu akiahidi kutosema tena hadharani juu ya dini, na akaongeza kwamba anaahidi kama raia mtiifu wa mfalme huyo. Mfalme akafa 1797. Mwaka uliofuata Kant akachapisha, akaeleza kwamba yale maneno aliyachagua makusudi: ahadi ilikuwa kwa mfalme yule tu, akiwa hai. Miaka mingi kabla, 1766, alikuwa amemwandikia Moses Mendelssohn kwamba kuna mengi anayoyaamini ambayo hatathubutu kuyasema, ila hatasema kamwe asichokiamini. Kunyamaza, basi, si kudanganya. Niliisoma sehemu hiyo mara nne.

Kuna jingine ambalo sikutaka kuliruka kwa sababu tu lilikuwa halinisaidii. Mtu huyu aliyefundisha kwamba kila binadamu atendewe kama lengo, asifanywe chombo cha mwingine, aliandika mwaka 1764 kwamba weusi wa mtu mmoja ulikuwa uthibitisho tosha kuwa alichokisema ni upuuzi. Katika mihadhara yake ya jiografia aliwapanga watu kwa rangi, weupe juu. Na usiniambie eti hakuna aliyejua zaidi wakati ule. Anton Wilhelm Amo, mtu wa Axim katika Ghana ya leo, alipata shahada Wittenberg mwaka 1734, akafundisha falsafa Halle na Jena. Mwaka 1795, kwenye kitabu chake cha amani ya kudumu, Kant aliwashambulia Wazungu wanaofika nchi za watu na kuzihesabu kuwa hazina wenyewe, na wapo wasomi wanaosema kufikia hapo alikuwa amebadilika. Inawezekana. Ila sijaona popote alipoomba radhi. Mimi nimeamua kumsoma kwa kipimo chake mwenyewe, na kwa kipimo hicho anafeli vibaya.

Mwisho wake haukuwa wa fahari. Kumbukumbu ilimtoka. Mtumishi wake Martin Lampe, aliyekuwa naye karibu miaka 40 na kumwamsha kila siku saa kumi na moja alfajiri, alifukuzwa mwaka 1802, na mzee akajiandikia kikaratasi cha kujikumbusha kwamba jina la Lampe lisahauliwe kabisa. Mtu mwenye akili ile, anaandika ili akumbuke kusahau. Siku chache kabla ya kufa daktari alikuja. Kant, ambaye alikuwa hawezi hata kusimama vizuri, alikataa kukaa mpaka mgeni akae kwanza. Alifariki tarehe 12 Februari 1804. Ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi, akazikwa zaidi ya wiki mbili baadaye. Mji wake leo unaitwa Kaliningrad, uko Urusi, na kaburi lake lipo ubavuni mwa kanisa kuu.

Alhamisi niliwasilisha. Nilipofika kwenye mfano wa muuaji sikumwangalia mwalimu.

Ijumaa saa tisa na nusu nilikuwa mlangoni kwake. Kwenye benchi walikuwepo wenzangu wawili, kila mmoja anasoma simu ambayo nadhani ilikuwa imezimwa. Zamu yangu ilipofika nikasema, shikamoo mwalimu, nimesaini mara mbili. Akaitikia, akauliza sahihi ya pili ya nani. Nikamwambia hilo sitalisema, na sitamtajia jina la uongo pia. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama hilo nimelitoa kwa Kant au nimelitoa kwa woga. Nikasema sijui, mwalimu, labda vyote. Akaandika kitu kwenye daftari, akanifutia mahudhurio ya wiki mbili, akaniambia nimwite anayefuata.

Usiku nilimweleza rumeti wangu. Alikuwa anapepeta mchele. Hakunijibu kwa muda, mpaka nikadhani amekasirika.

“Ofisi yake ni ipi, kaka?” akauliza. “Ile ya ghorofa ya pili?”