Bob Marley: kidonda cha ukuchani kilichokatisha maisha ya mfalme wa rege

Picha yake iko kwenye fulana, kwenye daladala na kwenye vinyozi vya vijijini. Nyimbo zake tunazipiga hapa redioni karibu kila wiki. Lakini ukiwauliza wasikilizaji Bob Marley alikufa kwa nini, wengi watakuambia alipigwa risasi. Sivyo. Aliuawa na saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa mguu.

Robert Nesta Marley alizaliwa tarehe 6 Februari 1945 katika kijiji cha Nine Mile, Jamaika. Mama yake, Cedella, alikuwa Mwafrika wa Jamaika, na baba yake alikuwa Mzungu ambaye hakukaa naye. Akiwa bado mtoto alihamia Kingston, mtaa wa Trench Town, na huko ndiko alikoanzisha The Wailers pamoja na Peter Tosh na Bunny Livingston mwaka 1963.

Risasi zilikuwepo kweli. Desemba 1976 watu wenye silaha walivamia nyumba yake wakamjeruhi. Siku mbili baadaye alipanda jukwaani. Kisha akaenda London.

Kidole gumba

Bob alipenda sana mpira wa miguu. Mwaka 1977 aliumia kidole gumba cha mguu wa kulia akicheza, na kidonda kikakataa kupona. Madaktari walikata kinyama kidogo, kikapimwa maabara. Jibu likaja: melanoma, yaani saratani ya chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Alikuwa na miaka 32.

Kuumia mpirani siko kulikothibitishwa kuleta ugonjwa. Mara nyingi jeraha humfanya mtu aangalie mahali ambapo tatizo tayari lipo.

Alishauriwa akatwe kidole. Alikataa, na imani yake ya Rastafari hutajwa mara nyingi kuwa sababu. Badala yake aliondolewa ukucha na nyama ya chini yake, akabandikwa ngozi iliyotolewa pajani. Akarudi kazini.

Aprili 1978 aliimba kwenye tamasha la amani Kingston. Aprili 1980 alitumbuiza Zimbabwe ilipopata uhuru. Septemba mwaka huohuo alianguka akikimbia mazoezi New York. Saratani ilikuwa imefika kwenye ubongo, mapafu na ini. Onyesho lake la mwisho lilikuwa Pittsburgh, tarehe 23 Septemba. Alitibiwa Ujerumani kwa miezi kadhaa, lakini alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa njiani kurudi nyumbani. Alikuwa na miaka 36. Alizikwa Nine Mile.

Hakuna anayeweza kuapa kwamba kukatwa kidole kungemponya. Lakini melanoma ikikatwa yote ingali juujuu, mgonjwa ana nafasi kubwa ya kupona. Ikishasambaa, kisu peke yake hakitoshi.

Sisi tuangalie wapi?

Wengi wetu hudhani saratani ya ngozi ni ya Wazungu na ndugu zetu wenye ualbino tu. Kweli jua huwadhuru wao zaidi. Lakini melanoma ikimpata mtu mweusi, mara nyingi hujificha kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, mahali ambapo jua silo chanzo kikuu.

Nenda kituo cha afya ukiona:
- mstari mweusi kwenye ukucha mmoja unaozidi kupanuka, au weusi unaotoka ukuchani na kuingia kwenye ngozi;
- baka la unyayoni linalokua au kubadilika rangi na umbo;
- kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, hata kama hakiumi.

Si kila weusi ni saratani. Watu weusi wengi wana mistari ya kawaida kwenye kucha kadhaa. Ndiyo maana kinyama hupimwa: unachomwa sindano ya ganzi, kipande kidogo kinakatwa, na kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ikithibitika ni saratani, daktari huikata pamoja na ukingo wa ngozi nzima kuizunguka.

Usikate mwenyewe kwa wembe, wala usichome kwa dawa kali. Utaondoa cha juu, na cha chini kitaendelea.

Leo jioni ukiosha miguu, geuza unyayo uutazame. Mtazame na mzee wa nyumbani ambaye macho yake hayafiki huko.